Kabla ya blokicheni kulikuwa na etiketi: historia ya daftari la madini, toka Bisie mpaka Rubaya

Ndugu wasikilizaji wa Masisi na Walikale, na ninyi jamaa mlio mbali na vijiji vyenu, mnaotusoma kwenye simu ambayo pengine ni ya jirani: kuna swali linalorudi kila tunapotaja habari za madini. Hii blokicheni wanayoisema huko nje ni kitu gani? Ni kweli itazuia koltani ya magendo? Ni kweli inaweza kulinda mizani, simu na mashine zilizounganishwa na intaneti, hata ile mashine iliyochukua alama za vidole vyetu kambini?

Ningeweza kujibu kwa mistari mitatu, lakini afadhali tupitie historia yetu kwanza. Sisi watu wa milima hii tumekwisha kuishi chini ya madaftari ya kila namna, na tumeona kwa macho yetu mahali yanapovunjika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walianza kuchimba kasiterite katika mlima wa Bisie, ndani kabisa ya msitu wa Walikale. Kasiterite ndiyo inayotoa stani, madini laini yanayounganisha vipande vidogo vidogo ndani ya simu, redio na kompyuta. Wabeba mizigo walitembea msituni na mfuko wa kilo 50 mgongoni mpaka Njingala. Kutoka hapo mzigo ulienda Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe na kuupeleka Goma. Sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu ya Kaskazini ilipita njia hiyo.

Nani aliandika kilichotoka? Mpaka mwaka 2009 mgodi ulikuwa mikononi mwa wanajeshi wa brigedi ya 85, waliokuwa Mai-Mai na hawajachanganywa na wengine katika jeshi la taifa. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na bei yake. Daftari la Bisie wakati ule lilikuwa kichwani mwa mtu mwenye bunduki. Mchimbaji hakuwa na karatasi, mbeba mizigo hakuwa na karatasi, na mnunuzi wa Asia aliyepokea shehena mwishoni hakuwa na njia ya kujua imetoka shimo gani.

Julai 2010 Marekani ikapitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yanayouza hisa kwenye soko la Marekani yaseme kama stani, tantali, wolframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Kwetu watu waliiita sheria ya Obama. Septemba ya mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Aliyeishi Walikale miezi ile hahitaji kuelezwa: ndege zilikoma, na bidhaa zilizokuwa zikirudi na ndege zilezile zikapotea madukani.

Ndipo ikaja etiketi. Mpango uliitwa iTSCi, ulioanzishwa na vyama vya viwanda vya stani na vya tantali duniani. Jaribio la kwanza upande wa Kivu lilifanyika Nyabibwe, Kalehe, mwaka 2010, likakatizwa na amri ya rais. Rubaya ilianza kupata etiketi mwaka 2014. Utaratibu wake wengi wenu mnaujua. Mfuko ukitoka kwenye shimo, wakala wa serikali wa SAESSCAM, ambayo leo ni SAEMAPE, anaupima, anaufunga kwa etiketi ya plastiki yenye namba, na kuandika daftarini tarehe, uzito na mahali. Mzigo ukifika kwa mfanyabiashara, unapimwa tena na kupewa etiketi ya pili, na namba zote mbili zinaandikwa. Ukifika Goma, nyumba ya ununuzi inaonyesha namba hizo, kisha unatafutwa ule ushahidi wa nchi za Maziwa Makuu, cheti cha CIRGL. Migodi yenyewe nayo ilipewa rangi: kijani inaruhusiwa, manjano inasubiri, nyekundu haiuzi.

Kwa karatasi, mambo yalikuwa safi. Lakini tuangalie Rubaya ilivyokuwa kweli, maana hapa ndipo penye somo lote.

Milima inayotoa koltani nyingi ilikuwa ndani ya eneo la kampuni ya SMB. Wachimbaji wengi walikuwa wanachama wa kooperativa ya Cooperamma. Mwaka 2013 pande hizo mbili ziliandikiana mkataba: wachimbaji wachimbe ndani ya eneo la kampuni, na kampuni ndiyo inunue. Ugomvi wa bei na wa malipo yanayochelewa haukwisha. Mchimbaji na bosi wa shimo, yule tunayemwita PDG, wakiona bei ya nje ni nzuri zaidi, usiku ni mrefu na milima ina njia nyingi.

Kisha, kuelekea mwanzo wa 2019, SMB ikaacha iTSCi na kujiunga na mpango mwingine wa shirika la RCS Global, uliotumia simu kuingiza habari za mifuko. Upande wa pili wa mpaka wa eneo, kwenye hati ya kampuni ya serikali ya SAKIMA, etiketi zikabaki zile za iTSCi. Milima ni ileile, udongo ni uleule, wachimbaji ni walewale, lakini vitabu ni viwili. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza katika ripoti zao jinsi madini ya upande mmoja yalivyovuka kwenda kuvikwa etiketi za upande wa pili. Na zaidi ya mara moja, katika miaka mbalimbali, wataalamu hao waliandika juu ya etiketi zinazouzwa kando kama sukari. Mwaka 2022 shirika la Global Witness likatoa ripoti kali likisema mpango wa iTSCi umekuwa mahali pa kusafishia madini ya magendo. iTSCi ilikataa shutuma hizo.

Angalieni kosa liko wapi. Hakuna aliyehitaji kufuta namba kwenye daftari. Namba ilikuwa ya kweli, etiketi ilikuwa ya kweli, na mwandiko ulikuwa wa wakala wa kweli. Uongo uliingia kabla kalamu haijagusa karatasi, mfuko ulipotoka sehemu moja na kuandikwa kuwa umetoka nyingine. Tushike neno hilo tukiingia kwenye mambo ya kompyuta.

Sasa blokicheni. Mama zetu walio katika AVEC wanaielewa kuliko wasomi wengi. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Kila mwanachama ana kijitabu chake. Na kabla ya kuachana, wote wanashika kichwani hesabu iliyobaki sandukuni, ili juma lijalo katibu asipate mwanya wa kusema ilikuwa nyingine. Katibu akiiba ukurasa, bado watu 25 wanaijua hesabu. Kuwadanganya wote kwa siku moja ni kazi ngumu kuliko kumhonga katibu mmoja.

Blokicheni inafanya hivyo kwa kompyuta. Badala ya daftari moja kukaa ofisini kwa mtu mmoja, nakala zinakaa kwenye kompyuta nyingi za watu tofauti. Maandishi yanafungwa katika kurasa, na kila ukurasa unapigiwa hesabu inayotoa namba ndefu, mfano wa alama ya kidole cha ukurasa ule. Namba hiyo inaandikwa mwanzoni mwa ukurasa unaofuata. Ukibadilisha herufi moja katika ukurasa wa mwaka jana, alama yake inabadilika, haipatani tena na ukurasa uliofuata, na mnyororo mzima unapiga kelele.

Wazo hili lina umri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1991, mwaka uleule ambao shirika la CARE lilianzisha vikundi vya sanduku na wanawake wa Niger, Wamarekani wawili, Stuart Haber na Scott Stornetta, waliandika jinsi ya kupiga muhuri wa tarehe kwenye hati za kompyuta bila kumwamini mwenye muhuri. Kuanzia 1995 kampuni iliyotokana na kazi yao ilichapisha kila juma alama ya hati zake katika tangazo dogo la gazeti la New York Times. Hilo linanifurahisha mimi mtu wa redio. Kutangaza mbele ya umati ni kufuli pia: jambo likishasikika na watu elfu, nani atalirudisha? Mwaka 2008 mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kikaandika mpango wa bitcoin, na Januari 2009 mnyororo wake wa kwanza ukaanza.

Msidhani mashine hizo ziko mbali. Tangu mwaka 2020, hapa Kivu ya Kaskazini, kwenye kituo cha umeme wa maji cha Luviro kilicho cha Hifadhi ya Virunga, kuna makontena yenye kompyuta zinazofanya kazi ya mnyororo wa bitcoin. Lakini zile zinatafuta fedha za kuendesha hifadhi, hazilindi mfuko wa mtu.

Blokicheni na vifaa vilikutana wapi? Januari 2015 kampuni za IBM na Samsung zilionyesha mashine ya kufulia nguo inayojiagizia sabuni yenyewe, ikiandika makubaliano yake kwenye mnyororo. Mama anayefulia mtoni atacheka, na ana haki. Wazo lililokuwa nyuma yake halikuwa la kuchekesha, hata hivyo. Dunia ilikuwa inajaa vifaa vinavyoongea kwa intaneti: kamera, mizani, mita za umeme, vyombo vya kuonyesha lori liko wapi. Vingi vilitoka kiwandani na neno la siri moja, lilelile kwa maelfu ya vifaa, na hakuna aliyelibadilisha.

Oktoba 2016 dunia ikaona matokeo. Programu mbaya iliyoitwa Mirai ilijaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, ikaingia katika kamera na vifaa vingine vingi sana, ikaviamuru vyote vigonge mlango mmoja kwa pamoja. Tovuti kubwa za Marekani zikazima kwa saa kadhaa. Mwaka huohuo Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alitumia jeshi la vifaa vya namna hiyo kuangusha mtandao wa kampuni ya simu ya Lonestar kule Liberia. Alihukumiwa kifungo London mwaka 2019. Yaani kamera ya mtu nyumbani kwake iliwanyima Waliberia intaneti, na mwenye kamera hakujua lolote.

Hapo ndipo mnyororo unaweza kusaidia kweli. Kila kifaa kinapewa ufunguo wake wa siri, si neno moja la wote. Ufunguo huo ni kama muhuri wa chifu: mizani ikituma uzito, inaupiga muhuri wake, na anayepokea anajua ni mizani ile na si nyingine. Alama ya programu iliyo ndani ya kifaa inaandikwa kwenye mnyororo, hivyo mtu akiibadilisha kwa siri, alama inakataa kupatana. Na kilichokwisha kuandikwa hakifutwi na bosi mmoja usiku. Lakini mnyororo hautazuia mtu kuingia katika kifaa kilicho na neno la siri baya, wala hautaziba tundu la programu ambayo kiwanda kimekataa kuitengeneza. Anayewaambia vinginevyo anauza kitu.

Majirani zetu walianza kabla yetu. Oktoba 2018 kampuni ya Circulor ya Uingereza na Power Resources Group zilitangaza kwamba tantali ya Rwanda inafuatwa kwa blokicheni: simu inatambua uso wa mfanyakazi, mfuko unapewa alama ya kusomwa na simu, na mahali panashikwa na satelaiti. Januari 2019 Ford, IBM, LG Chem, Huayou na RCS Global wakatangaza jaribio la kufuata kobalti ya Kongo, kutoka mgodi wa kiwanda mpaka betri za Korea ya Kusini. Angalieni neno hilo: mgodi wa kiwanda, wenye ua na geti, siyo mlima wa wachimbaji wa mikono. Walichagua penye urahisi.

Nirudi Rubaya. Tuseme mwaka 2019 kila etiketi ingekuwa kwenye blokicheni, kila mizani ina muhuri wake, kila simu ya wakala inatambua uso. Mfuko wa upande mmoja ukavuka usiku, asubuhi ukawekwa juu ya mizani halali, mbele ya wakala halali, mahali halali. Mizani ingesema kweli kuhusu kilo. Satelaiti ingesema kweli kuhusu mahali mizani ilipo. Na mnyororo ungehifadhi asili ya uongo ya mfuko ule milele, bila mtu kuweza kuifuta. Kwa maoni yangu, fedha za mradi wowote wa namna hii zianze kwa mkono wa kwanza: mshahara wa wakala, uhuru wa mchimbaji kusema alipochimba, na bei isiyomfukuza usiku. Kuna mahali mnyororo ungesaidia hata hivyo. Vile vitabu viwili vya milima ileile vingewekwa pamoja, na mlima unaotoa ghafla mara tatu ya kawaida yake ungeonekana siku ileile, badala ya kusubiri ripoti ya mwakani.

Kisha vita ikaonyesha mpaka mwingine wa teknolojia. Mwisho wa Aprili 2024 M23 iliichukua Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo liliweka utawala wake wa migodi, na kukusanya angalau dola 800.000 kwa mwezi kutokana na koltani. Daftari likarudi kwa mwenye bunduki, kama Bisie ya zamani. Machi 2025 hata Bisie ya leo, mgodi mkubwa wa kampuni ya Alphamin ulioanza kutoa stani mwaka 2019, ilisimama M23 ilipokuwa inakaribia Walikale-centre, ikaanza tena Aprili baada ya wapiganaji kuondoka. Februari 2025 waziri wa madini alikuwa amepaka rangi nyekundu maeneo 38 ya Masisi na Kalehe. Rangi nyekundu inaandikwa Kinshasa kwa dakika moja, lakini chakula cha mchimbaji wa Rubaya hakipatikani kwa rangi.

Imebaki ile mashine ya kambini, na hapa nasema na ninyi mliohama.

Familia iliyoandikishwa kupata msaada mara nyingi imeacha jina, idadi ya watoto, kijiji cha asili, na vidole au macho kwenye kifaa. Habari hizo zina thamani kuliko mfuko wa koltani, kwa sababu kidole hakibadilishwi kama neno la siri. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kuwa wavamizi wa kompyuta wameingia katika habari za watu zaidi ya 515.000 duniani, wengi wao wakiwa watu waliopotezana na jamaa zao kwa vita na majanga. Yaani hata mlango wa wale wanaotutafutia watoto wetu uliweza kuvunjwa.

Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilijaribu njia ya mnyororo mwaka 2017, kwanza Pakistan, kisha katika kambi ya Azraq huko Jordan. Mkimbizi wa Syria alinunua chakula kwa kutazama kamera inayosoma jicho, na ununuzi ukaandikwa kwenye blokicheni. Jina lake halikuwekwa kwenye mnyororo. Kilichowekwa ni namba tu. Ndivyo inavyopasa, na sababu yake inatuhusu sana. Sifa kubwa ya mnyororo ni kwamba haufuti. Sasa chukua orodha ya watu wa Sake au wa Kitshanga, na nani anatoka wapi, uiweke mahali isipofutika, katika mkoa ambako kijiji kinaweza kubadilisha utawala mara mbili kwa juma. Mmeona Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, jinsi kambi za Bulengo na nyingine zilivyovunjwa kwa siku chache. Watu waliondoka na masufuria na mahema. Kilichokuwa kwenye mashine hawakuweza kuondoka nacho.

Sheria ipo. Kanuni ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inampa mtu haki juu ya habari zake binafsi, na aliyezichukua lazima aseme ni za kazi gani. Kwa hiyo mtu akija na simu na kifaa cha vidole, au na mizani mpya yenye antena pale kwenye shimo, si utovu wa heshima kumwuliza: Habari hizi zinakaa wapi, na nani mwingine ana nakala? Mimi ninapewa kijitabu changu, kama katika AVEC, au ninyi tu ndio mnaobaki na hesabu? Kilichoandikwa vibaya juu yangu kinarekebishwa na nani? Na mstari wa vita ukipita hapa kesho asubuhi, nani anaondoka na mashine hii, na nani ana ufunguo wake?